Tai Nyekundu

Mama Apaikunda amekuja na picha ndani ya bahasha ya kaki,
katikati ya risiti za mwaka ule kahawa ilipokuwa na bei.
Marehemu mumewe, Ndewirwa, bado kijana,
kakaa kwenye stuli, kiganja gotini,
nyeusi na nyeupe, na kona moja mende kaionja.
"Mtie rangi," anasema. "Lakini si hizi zenu za simu,
zinazomng'arisha mtu kama sahani ya plastiki.
Nataka zile za Eliakunda."

Eliakunda ni shangazi yangu.
Alikaa chumba cha nyuma, studio ya Njoro,
mlango nusu wazi apate nuru ya upande wa mlima,
pamba kaizungushia njiti ya kiberiti,
vibati saba vya rangi, cha kijani kimekauka.
Ncha ya brashi aliilamba
hadi ulimi ukashika rangi ya mashavu ya watu.
Hakuuliza koti lilikuwaje. Ukiuliza, alisema,
wanadanganya.
Na tai zote alizitia nyekundu:
mwalimu, karani wa kiwanda cha kukoboa, bwana harusi wa Kibosho,
wote nyekundu, maana ndiyo iliyobaki nyingi.
Hakuna aliyelalamika. Wengine walikwenda sokoni
kutafuta tai nyekundu, wafanane na picha zao.

Mimi nina kompyuta, Kiborloni,
kati ya mashine ya fotokopi na friji ya soda,
na rangi milioni kumi na sita, kiwanda kimenihesabia.
Nafungua tabaka juu ya tabaka:
ngozi na lake, koti na lake, ukuta na lake.
Napunguza makali. Namwaga chembechembe.
Napitisha brashi laini shavuni, asilimia ishirini,
kumi na mbili,
tisa.
Inatoka safi.
Inatoka kama tangazo la benki.

Saa nane na nusu umeme unakatika.
Friji inanyamaza, nami nanyamaza,
kidole bado kiko juu ya kitufe cha kutendua,
kama mtoto aliyelala na ziwa mdomoni.
Shangazi hakuwa nacho. Picha ilikuwa moja.
Akikosea, kosa lilipangiwa kazi:
doa likawa kifungo,
tone likawa ua la kifuani, na mwenye picha
akaapa siku ile kweli alivaa ua.

Umeme unarudi.
Nazima kila chombo kinachojua mpaka wa kitu ulipo.
Kipanya nakihamishia mkono wa kushoto,
mkono ambao haujasoma.

Nyuma ya Ndewirwa kuna pazia, na kwenye pazia mlima,
theluji imeshuka hadi kwenye migomba.
Mlima wenyewe uko nje, umejifunika tangu Jumatatu.
Theluji shangazi hakuipaka kamwe, aliiachia karatasi;
sasa karatasi imezeeka, theluji ni chai ya maziwa.
Siigusi.

Mama Apaikunda amesimama begani kwangu.
"Macho yanaona mno. Hakuangalia hivyo.
Aliangalia kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata."
Nayafifisha. Kidogo. "Bado." Kidogo tena.
Hasemi kitu, ila mkoba anauhamisha
kutoka mkono huu kwenda ule.

Nachapa.
Wekundu wa tai umevuka, umeingia kwenye kola,
upana wa punje ya mchele.
Niliuona. Nimeuacha.

Analowesha kidole gumba ulimini,
anaisugua kola ya mumewe, mara moja, mara mbili,
kama wanavyochelewa kanisani.
Hautoki.
Anacheka puani.
"Na fremu," anauliza, "imo kwenye hiyo bei, au?"